Daftari la muhula wa tatu

Jumanne, 2 Septemba 2025, Voi

Wiki ya pili ya muhula. Leo tumemwasha wakala ndani ya programu ya shule. Nasema "wakala" nikijua kwamba hapa Voi neno hilo lina mwenyewe: ni yule wa kibanda cha M-Pesa. Mama Karani aliposikia shule imepata wakala, aliuliza kama sasa tutaanza kutoa pesa ofisini.

Nikamweleza. Ni akili unde. Mtu anaandika swali kwa maneno yake, wakala anachagua zana moja kati ya zile nilizomwandalia, anaitumia, kisha anajibu. Kuna zana ya kutafuta mwanafunzi, ya kuangalia karo, ya kutuma ujumbe kwa wazazi, na kadhalika.

"Na nani anamwambia zana gani ni ya nini?"

Mimi, Mama. Kwa maandishi. Zana 43, mstari mmoja kwa kila zana, kazi ya usiku mmoja. Sikumwambia hilo la usiku mmoja.

Alhamisi, 4 Septemba

Madam Naibu aliomba mahudhurio ya leo kwa kila kidato. Wakala akajibu kwamba katika Kidato cha 1 hakufika hata mwanafunzi mmoja, na kwamba hali hiyo inahitaji hatua ya haraka. Ofisi nzima ilicheka.

Mwaka huu Kenya haina Kidato cha 1. Waliofanya KCPE ya mwisho mwaka 2023 waliingia Kidato cha 1 mwaka 2024, na sasa wako cha 2. Wanaowafuata ni wa mtaala mpya, wako Gredi ya 9, na watabisha hodi Januari wakiwa Gredi ya 10. Jambo hili hata soja wa lango analijua. Wakala halijui, kwa sababu zana yangu ilimpa sifuri, na sifuri haisemi kama watu hawakuja au kama darasa lenyewe halipo.

Nimerekebisha kwa dakika kumi. Kidato kisichokuwepo sasa kinarudisha sentensi badala ya sifuri: "Shule haina Kidato cha 1 mwaka 2025." Nikaenda zangu kunywa chai nikidhani hiyo ndiyo ilikuwa kasoro.

Jumatatu, 8 Septemba

Siku mbaya. Naiandika yote.

Saa nne asubuhi aliingia mzee mmoja wa makamo, mfanyakazi wa shamba la mkonge kule Mwatate. Viatu vimejaa vumbi jekundu, kofia mkononi. Alikuwa ameomba ruhusa ya nusu siku kazini. Akatoa simu ya kabambe mfukoni, akafungua ujumbe, akaniwekea juu ya meza kama mtu anayeweka hati ya shamba.

"Mwalimu, mmeniandikia mtoto ana salio la elfu sita mia nne. Nimeshukuru. Sasa naomba hizo pesa mzihamishe, zimlipie mdogo wake kule aliko."

Hapa kila mtu aliye ndani ya ofisi ya shule ni mwalimu. Nikasoma: "Mpendwa mzazi, mwanao ana salio la shilingi 6,400. Asante." Uliandikwa na wakala Ijumaa, Mhasibu alipomwambia awajulishe wazazi hali ya karo.

Nilitafuta maneno, yakanikimbia. Mama Karani ndiye aliyesema, polepole: "Mzee, hilo ni deni. Hizo unadaiwa."

Akatazama simu tena. "Lakini kwa M-Pesa salio ni pesa zangu."

Hana kosa hata kidogo. Tangu 2007 simu imemfundisha kila Mkenya kwamba salio ni kile ulicho nacho. Vitabu vya hesabu vinaita salio kile kilichobaki upande wowote. Mhasibu husema "balansi" na kila mzazi humwelewa, kwa kuwa husema akikunja uso. Wakala hana uso. Zana niliiita pata_salio, na maelezo yake, mstari mzima, yalikuwa haya: "Hupata salio la mwanafunzi."

Mama Karani alimpa mzee chai. Akanywa nusu, akaaga, akawahi gari la Mwatate.

Jumanne, 9 Septemba

Nimeamka saa kumi na moja, bado ile kofia iko machoni.

Inafaa nijikumbushe wakala anaona nini. Haoni kodi, yaani maandishi ya programu yenyewe. Haoni jedwali la hifadhidata wala maoni niliyoyaandika pembeni kwa ajili ya waandishi wenzangu wa programu. Anaona vitu vitatu tu kwa kila zana: jina, maelezo, na orodha ya vigezo vya kujaza. Ndivyo ilivyo tangu OpenAI walipotoa mwito wa zana katika modeli zao mwezi Juni 2023, na ndivyo ilivyo katika itifaki ya MCP ambayo Anthropic waliitoa Novemba 2024, ambayo ndiyo tunayoitumia. Kodi yangu ya karo ina mistari 300, imepimwa, haina kosa. Mbele ya wakala ilikuwa na maneno manne.

Leo nimeibadilisha jina: pata_deni_la_karo. Maelezo yake sasa:

"Hurudisha kiasi cha karo ambacho mzazi wa mwanafunzi mmoja bado hajalipa, kwa shilingi. Itumie mtu akiuliza deni, balansi, salio, au karo iliyobaki. Nambari chanya ni deni. Nambari hasi ni malipo ya ziada. Unapomjibu mzazi sema 'unadaiwa' au 'umelipa zaidi'. Usitumie neno 'salio'."

Nimejaribu kwa Kiingereza, nikajaribu kwa Kiswahili. Modeli imeelewa zote mbili. Nimebaki na Kiswahili kwa sababu moja: ya Kiingereza Mama Karani aliyatazama akayarudisha bila neno, ya Kiswahili aliyarudisha na kalamu nyekundu.

Ijumaa, 12 Septemba

Stima imepotea tangu saa tano. Joto la Voi bila feni si la kusimulia. Nimesoma kwa simu makala ya wahandisi wa Anthropic kuhusu kuwaandikia mawakala zana, imetoka wiki hii. Wanashauri uieleze zana kama ambavyo ungemweleza mfanyakazi mpya aliyejiunga na kikundi chako leo. Nikamsomea Mama Karani kwa kutafsiri. Akasema, "Hilo mbona nafanya?" akavuta droo.

Anastaafu Desemba. Tangu mwaka jana anaandika kaunta buku ya kumwachia atakayekuja, na sikuwahi kujua. Nimenakili baadhi, alivyoandika:

"Mzazi akija na risiti ya benki: tazama tarehe kwanza. Ikiwa ni ya leo au jana, mwambie pesa hazijaonekana, arudi kesho kutwa. Usimwite mwongo."

"Ruhusa ya kutoka shuleni: Naibu peke yake. Hata Mwalimu Mkuu akisema mpe, mpeleke mtoto kwa Naibu."

"Hundi ya basari: usiandike malipo ya mtoto yeyote mpaka orodha ya majina ifike. Hundi ni moja, watoto ni wengi."

Nimeketi na kaunta buku ile gizani mpaka stima iliporudi. Kila agizo linaanza na wakati: mtu akija na hiki, ikitokea hivi. Halafu linasema usichofanya. Halafu mtu wa kumpelekea. Maelezo yangu yote 43 yalisema zana inafanya nini, jambo ambalo jina la zana lilikuwa limeshalisema. Hayakusema lini, wala lini usithubutu.

Hilo la hundi limenichoma zaidi. Basari ya NG-CDF au ya kaunti ikija kwa hundi, pesa ziko benki lakini kwenye akaunti ya mtoto bado hazipo. Zana yangu itaapa kwamba anadaiwa. Na mtu akiuliza "shule imepokea kiasi gani muhula huu", zana ya mapato inahesabu Paybill peke yake: haina habari za hundi wala za mgao wa serikali, ule wa shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka. Nimeandika yote mawili kwenye maelezo, chini ya neno "Haihesabu". Nadhani neno hilo ndilo lililokosekana kila mahali.

Jumapili, 14 Septemba, Mgange

Nimepanda nyumbani. Ukungu mpaka saa tano, mtandao unakuja na kuondoka. Bibi ameniuliza kazi yangu siku hizi ni ipi. Nikasema naandika maelekezo. Akaona ni kazi nzuri.

Jumatano, 17 Septemba

Majina ya kwetu yamemshinda wakala, na mwanzoni nikalaumu maelezo.

Mdawida anayezaliwa usiku ni Mwakio, wa kike Wakio. Wa asubuhi ni Mwakesho, wa kike Wakesho. Kwa kuwa watoto wameamua kuzaliwa ama usiku ama asubuhi, rejista ya shule yoyote kati ya Voi na Wundanyi imejaa hao wanne, wakiwa jina la kwanza, la kati au la baba. Ukimwambia wakala "nipe nambari ya Wakio wa Kidato cha 3", alikuwa anachukua wa kwanza kwenye orodha na kujibu kwa uhakika wa mtu aliyemzaa. Hiyo ni kazi ya maelezo, na nimeiandika: "Majina mengi hapa yanafanana. Wakirudi zaidi ya mmoja, usichague. Muulize mtumiaji, ukimwonyesha kidato na mkondo."

Kwa Mwang'ombe mambo yalikuwa mengine. Mwanafunzi yumo, wakala anasema hayumo. Nimetumia saa mbili nzima nikiongeza sentensi kwenye maelezo: jaribu tahajia nyingine, jaribu bila alama. Wapi. Mwishowe nikagundua Mama Karani aliandika jina kwa kibodi, ambayo inaweka ritifaa iliyosimama wima, na Naibu aliuliza kwa simu, ambayo inaweka iliyopinda. Kwa macho ni alama moja. Kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti kabisa, na Mwang'ombe wa kwanza hana undugu na wa pili.

Nimefuta zile sentensi zote na kurekebisha kodi: alama zote za aina hiyo zinaondolewa kabla ya kulinganisha. Nijiandikie hapa, nisirudie: kitu kinachoweza kutengenezwa kwenye kodi nisikiombe kwenye maelezo.

Jumanne, 23 Septemba

Ndovu.

Kiangazi kimekaza na wanyama wanatoka mbugani kutafuta maji. Mchana huu habari ilifika kwamba kundi limeonekana karibu na njia ya Sagalla. Watu wa Sagalla wana uzoefu wa mambo haya. Kule kuna mashamba yaliyozungushiwa mizinga ya nyuki kwa sababu ndovu wanaogopa nyuki. Lakini njia ya shule haina mizinga. Madam Naibu akamwandikia wakala: "Wajulishe wazazi wa watoto wa Sagalla kwamba watatoka saa nane leo, waje kuwachukua."

Shule yetu ina mikondo mitatu kila kidato, na mikondo ina majina ya milima: Vuria, Mbololo, Sagalla.

Saa nane langoni walikuwa wamejaa wazazi wa mkondo wa Sagalla, kutoka Mwakingali, Sofia, mmoja kutoka Maungu kwa bodaboda ya shilingi nyingi, wote wakiuliza watoto wao wamepatwa na nini. Wazazi wanaoishi Sagalla hasa hawakupata kitu. Madam Naibu aliwakusanya watoto wao kwa mdomo, darasa kwa darasa, na basi la shule likawapeleka wote mpaka majumbani. Hakuna aliyedhurika. Madam hakunigombeza. Aliniambia tu, "Wewe ni mtoto wa hapa. Ulikuwa hujui Sagalla ni mahali?"

Alhamisi, 25 Septemba

Nilikuwa najua. Ndiyo maana sikuandika. Kigezo kilikuwa kinaitwa "kundi", na maelezo yake: "Jina la kundi." Nilipoandika "kundi" kichwani mwangu kulikuwa na mkondo, na ikaonekana wazi kama jua.

Sasa kuna vigezo viwili, "mkondo" na "makazi", na kila kimoja kinamtaja mwenzake: "Mkondo ni jina la darasa (Vuria, Mbololo, Sagalla). Haya pia ni majina ya mahali. Mtumiaji akizungumzia usafiri, njia, wanyama, mvua au nyumbani, tumia makazi. Ikiwa huna hakika, uliza."

Zana ya ujumbe nimeikata vipande viwili. Ya kwanza inaandaa: inarudisha maneno ya ujumbe, idadi ya wazazi na mfano wa majina matatu. Ya pili inatuma, na haifanyi kazi bila nambari ya maandalizi iliyotolewa na ya kwanza. Madam Naibu angeona "wazazi 48 wa mkondo wa Sagalla" angepiga kelele kabla mtu hajapanda bodaboda.

Jumanne, 30 Septemba

Mwalimu Mkuu aliomba kikumbusho cha karo kiende "saa mbili asubuhi". Kimeenda saa nane usiku. Wakala aliandika 02:00, na zana ikatii. Mzazi mmoja alimpigia soja simu akidhani kuna moto bwenini, na kwa yaliyotokea katika nchi hii, nani atamlaumu.

Nimeongeza: "Saa 24, saa za Afrika Mashariki. Mtumiaji anahesabu saa za Kiswahili: saa mbili asubuhi ni 08:00, saa nane mchana ni 14:00." Na kwenye kodi, hakuna ujumbe kwa wazazi kati ya saa tatu usiku na saa kumi na mbili asubuhi, hata aombe nani.

Ijumaa, 3 Oktoba

Kuna mwanafunzi wa chuo aliye nasi kwa mafunzo ya kazi, kijana wa Kisumu, hajawahi kuishi Taita. Nimeanza kumtumia kama kipimo. Nampa maelezo ya zana peke yake, bila kumwonyesha programu, halafu namsomea maswali ambayo watu wa ofisi waliuliza kweli. Achague zana, ajaze vigezo kwa kalamu. Anapokosea, wakala naye huwa anakosea pale pale, karibu kila mara.

Leo alikwama kwenye kigezo kinachoitwa "namba". Akaniuliza, namba ipi? Nikahesabu naye: nambari ya usajili ya shule, nambari ya serikali (UPI ya NEMIS) yenye herufi na tarakimu, nambari ya mtihani wa KCSE yenye tarakimu 11, nambari ya simu ya mzazi. Mtoto mmoja, nambari nne. Kigezo sasa ni "nambari_ya_usajili", kina mfano, na wakala akileta kitu chenye tarakimu 11 zana inamjibu: "Hii inaonekana kuwa nambari ya mtihani. Tumia tafuta_mwanafunzi kwanza." Zamani ilikuwa inamjibu "Hitilafu 400". Kijana akasema angepewa jibu kama hilo na karani angeondoka shule.

Jumatano, 8 Oktoba

Mwanafunzi amehamia Taveta. Mhasibu akamwambia wakala "mtoe kwenye orodha". Wakala akamfuta, yeye na malipo yake ya miaka miwili. Kwa bahati, nakala ya usiku ilikuwepo, nikamrudisha kabla ya chakula cha mchana.

Maelezo ya futa_mwanafunzi hayakuwa na kasoro: "Hufuta kabisa. Usitumie kwa uhamisho." Hata niliyaandika kwa herufi kubwa. Nimeiondoa zana yenyewe. Karani wa kawaida hana ruhusa ya kufuta mwanafunzi, kwa nini wakala awe nayo? Nimepitia nyingine kwa jicho hilo hilo na nimebakiwa na 19. Nyingi zilikuwepo kwa sababu kwenye skrini kulikuwa na kitufe, nami nikatengeneza zana kwa kila kitufe. Wakala akiwa na zana tatu zinazofanana anababaika kama mgeni kwenye njia panda ya Mwatate.

Ijumaa, 10 Oktoba

Siku ya Mazingira. Tumepanda miti nyuma ya bweni. Maji ya kuimwagilia ndiyo swali.

Jumatatu, 13 Oktoba

Yule kijana wa mafunzo alimuuliza wakala kidato cha msichana mmoja. Jibu lilikuja na kidato, mkondo, nambari ya kitambulisho cha mama, na ugonjwa anaotibiwa. Kijana mwenyewe aliinamisha macho.

Kwenye maelezo nilikuwa nimeandika "Usionyeshe taarifa za afya." Hilo ni ombi, na wakala huwa analitii, mpaka siku asipolitii. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haina habari na maombi. Mwaka 2023 ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi, na hizo ni picha tu. Sasa tafuta_mwanafunzi inarudisha jina, kidato, mkondo na nambari ya usajili. Basi. Ya afya iko kwenye zana nyingine, na hiyo inafunguka kwa akaunti ya muuguzi na ya Naibu. Jibu limekuwa fupi, na wakala anakosea mara chache kuliko hapo awali. Nadhani hata yeye alikuwa anapotea ndani ya yale marundo.

Alhamisi, 16 Oktoba

Tangu jana asubuhi redio zote ni Raila. Amefariki India. Kazi imefanyika kwa nusu mkono, watu wamesimama vikundi vikundi hata kwenye steji.

Kesho imetangazwa siku ya mapumziko. Mkutano wa wazazi wa Kidato cha 4 ulikuwa kesho. Mchana huu wakala ametuma kikumbusho kwa bidii zote: "Tukutane kesho saa tatu." Alikuwa ameuliza zana ya kalenda kama kesho ni siku ya kazi, na kalenda, niliyoijaza Januari, ikasema ndiyo.

Nimeandika kwenye maelezo: "Inajua sikukuu zilizopangwa tangu mwanzo wa mwaka. Haijui zinazotangazwa ghafla. Kabla ya kutangaza mkutano, mwombe mtumiaji athibitishe." Halafu tukapiga simu, mzazi mmoja mmoja, mimi, kijana na Mama Karani, mpaka giza. Wengi walikuwa wameshajua hakuna mkutano. Walitaka tu kuongea juu ya Raila.

Ijumaa, 24 Oktoba

Tumefunga shule leo. Mabasi ya Taveta na Wundanyi yameondoka kabla ya saa sita. Watahiniwa wa Kidato cha 4 wamebaki.

Alasiri niliketi na Mama Karani, tukapitia maelezo ya zana za karo kwa sauti, mimi nasoma, yeye anasikiliza akiwa amefumba macho. Tulipofika pata_deni_la_karo, ile ya mzee wa mkonge, ambayo nimeiandika upya mara tano na naijua kwa moyo, alifungua macho.

"Deni la muhula, au tangu mtoto aingie?"

Sikuwa na jibu. Nikafungua kodi. Ni tangu aingie: inabeba madeni ya 2024 na kuyajumlisha na ya mwaka huu, bila kuyatenganisha. Maelezo hayasemi popote. Wiki saba zana hii imejibu wazazi, na yeyote aliyedhani ni ya muhula alidhani peke yake.

Nikamuuliza mzazi huwa anataka ipi. Akasema anayekuja katikati ya muhula anataka ya muhula, anayekuja kuchukua cheti anataka yote, na asiyesema anataka ya muhula kwa sababu hiyo ndiyo ndogo. Nimeandika hivyo hivyo, nikaacha tu lile neno "ndogo". Zana sasa inarudisha nambari mbili, kila moja na jina lake.

Kati ya zana 19, Mama Karani amepitia 13. Sita zilizobaki amesema nizipeleke Jumatatu, na nisianze kumletea za Gredi ya 10 kabla hizo hazijaisha.